R ya Jumapili

Harufu ya rangi ya mafuta hunirudisha darasa la tano hata nikiwa na haraka zangu. Juzijuzi, tulipokwisha kumaliza arobaini ya mama, nilitoka Bariadi kwenda Lamadi kumsaidia mdogo wangu Kabula kufungua upya banda la samaki ambalo mama alilisimamia mpaka nguvu zilipomwishia. Liko kando ya barabara kuu, pale ambapo magari ya watalii wanaokwenda Serengeti hupunguza mwendo kwa ajili ya matuta. Kabula alikuwa amemwita fundi wa mabango, na mimi nilipofika nilimkuta fundi yuko juu ya stuli, brashi mkononi, rangi nyekundu bado inang'aa kwa ubichi. Sehemu ya juu ya bango alikuwa ameiacha wazi kwa ajili ya jina. Chini yake alikuwa amekwisha kuandika kwa herufi kubwa: FLESH FISH.

"Dada, hebu angalia kama amepatia," Kabula akasema kwa majivuno. "Nimemtajia mwenyewe. Flesh fish. Samaki wabichi, wametoka ziwani sasa hivi."

Nilicheka mpaka fundi akashuka kwenye stuli akidhani kitu kimemdondokea. Neno lenyewe lilikuwa neno halali kabisa, la herufi tano, na kila herufi ilikuwa imechorwa vizuri. Tatizo ni kwamba flesh ni nyama ya mwili, na Mzungu anayekwenda kuangalia simba hapendi kukumbushwa nyama ya mwili kabla hajafika. Kabula alinuna. Mimi nilikuwa bado nacheka, harufu ya ile rangi ikinipanda puani, na kicheko kikaanza kunigeukia kuwa kitu kingine, kwa sababu kosa hilo ni langu. Nililifanya kabla yake, tena kwa kujiamini kuliko yeye.

Nyumbani kwetu Mkula tulikuwa na karibu kila kitu ambacho nyumba ya mkulima inahitaji. Tulikuwa na pamba, mahindi, ng'ombe wachache, kuku wasiohesabika na maneno mengi. R hatukuwa nayo. Kisukuma hakiihitaji, na Kiswahili tulikizungumza kwa ulimi uleule tuliouamkia asubuhi, kwa hiyo barabara ilikuwa balabala, rafiki alikuwa lafiki, na mimi niliyebatizwa Rehema nilikuwa Lehema. Mama aliniita Lehema akiwa jikoni, akiwa kisimani, akiwa ametoka Lamadi na beseni la samaki kichwani. Kanisani, shuleni na kwenye zahanati nilikuwa Rehema, maana huko ndiko jina langu liliandikwa.

Watoto wengine labda wangechanganyikiwa. Mimi sikuwa mtoto wa kuchanganyikiwa, nilikuwa mtoto wa kutafuta sababu na kuipata, hata kama si yenyewe. Niliamua kwamba R ni L iliyovaa nguo za Jumapili. Ilikuwa herufi ileile, ila ukienda mbele za watu unaibadilisha, kama vile baba alivyokuwa akivua kandambili za shamba na kuvaa viatu. Niliishi na imani hiyo kwa amani kubwa, na hakuna aliyeniuliza, kwa hiyo hakuna aliyenikosoa.

Ndipo akaja Mwalimu Mbaruku. Alitoka Tanga, Kiswahili chake kilikuwa laini kama uji uliokorogwa vizuri, na sisi tulimpokea kwa kumwita Mwalimu Mbaluku. Mwanzoni alitusahihisha, halafu akachoka. Alikuwa anafundisha Kiingereza, na Kiingereza chetu kilikuwa cha kuimba: good morning yetu ilisikika mpaka barabarani, lakini ukimuuliza mtoto jambo la pili anaangalia miguu yake. Basi akatengeneza mchezo. Alikata vipande vidogo vya mbao, akaandika kila kipande herufi moja kwa rangi nyekundu iliyobaki baada ya milango ya shule kupakwa, akavitia kwenye ndoo. Ile harufu haikuisha. Kila Ijumaa akifunua ndoo, darasa zima lilinuka mlango mpya.

Mchezo ulikuwa hivi. Mwalimu alitumbukiza mkono, akachomoa herufi mbili, akaziinua juu na kusema, "Herufi tano!" Hapo tulitakiwa kuandika maneno ya Kiingereza yenye herufi tano, si nne wala sita, na zile mbili ziwemo. Waliokaa upande wa dirishani walishindana na waliokaa upande wa mlangoni, na walioshindwa walifagia darasa na kuchota maji. Mimi nilikaa mlangoni. Siku za mwanzo tulifagia sana.

Kulikuwa na jambo moja lililonifurahisha kuhusu Waingereza. Herufi zao walizitaja kwa majina, L wakaiita "el", lakini walipofika kwenye R walisema "aa" tu, wakapita. Niliwaza, kumbe hata wenyewe imewashinda! Wanaiona inakuja, wanafungua mdomo, wanasema aa, na safari inaendelea. Toka siku hiyo sikuwaogopa tena.

Ujanja wangu ulitokana na imani yangu. Kama R na L ni kitu kimoja, basi neno moja nililolijua lilikuwa maneno mawili, la nyumbani na la wageni. Nikiandika light, chini yake naandika right. Glass ikazaa grass. Clown, ambayo niliiona tu kwenye kitabu cha picha bila kusoma maelezo, ikazaa crown. Mwalimu alipitia karatasi zetu na kamusi lake lililojaladiwa kwa gazeti, na kila akiangalia, neno lipo. Alipiga vema moja, akapiga ya pili, akanitazama, akaendelea. Mengine yalikataa. Niliandika gleen na blead akayakata kwa wino mwekundu, lakini sikuyumba. Nilijiambia kwamba yapo maneno yasiyokaa nyumbani kabisa, yanashinda na nguo za Jumapili wiki nzima, kama padri.

Upande wa mlangoni tukaacha kufagia. Nilivimba kichwa, siwezi kukataa. Masanja, mvulana wa dirishani aliyekuwa akijulikana kwa Kiingereza kabla yangu, akaanza kuniazima penseli bila kuombwa.

Nilijikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe Ijumaa moja ambapo mwalimu alichomoa I na E. Niliandika river, nikashusha liver. Mwalimu akasimama kwenye dawati langu.

"Rehema. River naijua, tumeisoma. Hii liver umeitoa wapi?"

"Ni river ya nyumbani, mwalimu."

"Ya nyumbani?"

"Ndiyo. River ni ya wageni, liver ni ya nyumbani. Kama mimi. Hapa ni Rehema, nyumbani ni Lehema."

Alikaa kwenye ukingo wa dawati. Alicheka kicheko cha watu wa kwao, kirefu, cha kujifuta macho, na darasa likacheka pia ingawa hakuna aliyejua kinachochekwa. Kisha akaona sura yangu, akaacha.

"Liver ni ini, mwanangu."

"Ini la ng'ombe?"

"La ng'ombe, la mbuzi, lako wewe. River ni mto. Hayana undugu." Akayapitia maneno yangu yote, moja baada ya jingine, kwa upole ambao ulinichoma zaidi ya kicheko: hili ni taa, hili ni mkono wa kulia, hiki ni kioo, hizi ni nyasi, hili ni taji la mfalme, huyu ni mchekeshaji.

Niliumia. Si kwa sababu nilikuwa nimekosea, maana maneno yalikuwa sahihi na pointi zetu hakuzifuta. Niliumia kwa sababu ya hesabu niliyokuwa nayo kichwani. Kama liver si river, kama herufi moja inaweza kukutoa mtoni ikakutupa tumboni mwa ng'ombe, basi Lehema ni nani? Nilitembea kurudi nyumbani nikijiuliza mama alikuwa akimwita mtoto gani miaka yote ile.

Muda si mrefu mwalimu akatangaza kwamba siku ya wazazi tutashindana na shule nyingine kutoka Lamadi, watoto wa barabarani, wanaovaa soksi. Timu ingekuwa ya watu watatu. Mchezo ungekuwa uleule wa herufi tano, ila mzunguko wa mwisho ungekuwa wa mdomo: msemaji anarudia neno kwa sauti, anataja herufi zake, anasema maana. Mama alipopata habari hizo aliacha kuparua samaki.

"Nitakuja," alisema. "Mimi shule sikuingia. Nataka nisikie hicho Kiingeleza kinavyotoka kwenye huo mdomo, maana mdomo wenyewe niliuzaa mimi."

Nilikwisha kujiona nimesimama mbele. Kesho yake Mwalimu Mbaruku aliniita pembeni, chini ya dirisha la ofisi.

"Maneno unayo," alisema. "Hakuna anayekufikia. Lakini ulimi wako utatuponza. Wewe utaandika mizunguko ya mwanzo, halafu utakaa. Masanja atasema."

"Na mimi nisiseme hata moja?"

"Usifungue mdomo, Rehema. Nakuomba."

Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa na haki ya kutaka kushinda. Lakini mama alikuwa anakuja kunisikia, si kunitazama nimekaa. Nilikataa kulia mbele ya mwalimu. Nilikwenda kulia nyuma ya choo cha wasichana kama mtu mwenye heshima zake, nikanawa, nikarudi darasani.

Jioni hiyo nilimgeukia mama. Nilimwambia kwamba siku ya wazazi aniite Rehema, kwa R, ili nisichekwe. Nilitegemea ateme maneno. Badala yake aliweka kisu chini, akanitaka nimfundishe. Basi nikakaa naye jikoni, yeye na beseni la sato, nikimwonyesha ulimi unavyotetemeka kwenye kaakaa. Mama alitetemesha. Alitetemesha mpaka baba akatoka nje kuuliza kama kuna pikipiki imeingia uani. Siku ya pili alipata: "Rehema!" safi kabisa, kama mtangazaji. Tukapiga makofi.

Lakini R ilipoingia kwenye nyumba yetu haikujua pa kukaa. Ilienea kila mahali. Mama alimwita mdogo wangu Kabura. Akaomba chakura. Akauliza nani amerara kitandani kwake mchana, na baba akacheka mpaka akapaliwa na ugari, maana naye ilikuwa imekwisha kumwingia. Mwisho mama akasonya.

"Nimechoka," alisema. "Hii helufi yenu inanikwangua ulimi, na watoto wangu siwafahamu tena. Nikuulize, ng'wanone, mwanangu. Nikikuita Lehema unasikia?"

"Nasikia."

"Unaitika?"

"Naitika, mama."

"Unakuja?"

"Nakuja."

"Basi unataka nini tena?" Akaokota kisu chake akaendelea na samaki.

Niliendelea kuona aibu kidogo, na kidogo nikaona ameshinda.

Siku yenyewe wazazi walijaa uwanjani, akina mama upande mmoja na vitenge vyao bora, wazee kwenye mabenchi ya darasani. Mama alikaa nyuma kabisa, na upepo ulipogeuka nilijua alipo bila kuangalia, maana sabuni yote ya Lamadi haiondoi samaki mikononi mwa muuzaji. Mwamuzi alikuwa bwana mmoja mnene wa mambo ya elimu, Msukuma mwenzetu wa Nassa. Alisimama, akapanga karatasi zake, akasema, "Mwangaluka!" Wazazi wakaitikia kwa nguvu. Halafu akasema, "Kalibuni sana wageni wetu." Niligeuka kumtazama Mwalimu Mbaruku. Alikuwa amefumba macho.

Mizunguko ya maandishi ilikwenda vizuri. Niliandika mpaka kidole kikauma, na sasa maneno yangu niliyajua maana zake, taa ni taa na kioo ni kioo. Watoto wa Lamadi nao hawakuwa wa mchezo. Tulipofika mwisho tulikuwa sare, limebaki neno moja la mdomo. Niliweka penseli chini na kukaa kama nilivyoagizwa. Masanja akasimama, akakaza mkanda.

Mwamuzi alitazama karatasi yake. "Neno la helufi tano," alisema. "Lait."

Kijana wa Lamadi aliruka juu kabla sisi hatujameza mate. "Light! El, ai, ji, eich, ti! Ni taa!"

Wenzake walikwisha kuanza kushangilia. Mwamuzi akatikisa kichwa. "Hapana. Silo."

Uwanja ukaanza kunung'unika. Mwalimu wao alisimama akauliza, kama hiyo si light, light ni ipi? Mwamuzi hakumjibu, alitugeukia sisi: zamu yetu. Masanja alinigeukia. Akainama akaninong'oneza, "Hakuna nyingine. Ni hiyohiyo." Jasho lilikuwa linamtoka puani.

Mimi nilijua ipo nyingine. Nilikuwa nimeishi na zote mbili nyumba moja. Kati ya watoto wote waliokuwa pale, nadhani ni mimi tu niliyejua kwamba neno likitoka kwenye mdomo kama wa yule bwana, linaweza kuwa na ndugu yake nyuma ya mlango. Nilimtazama Mwalimu Mbaruku. Alikuwa ananitazama pia, na sikungoja kuona uso wake unasema nini. Nikasimama.

"Lait," nilisema, kwa sauti yangu yote, kwa ulimi wa nyumbani kwetu, kwa sababu sikuwa na mwingine. Kuna watoto walicheka. Nikaendelea. "Aa. Ai. Ji. Eich. Ti." Ile aa niliitoa kubwa na safi, maana hiyo hata mtoto mchanga anaiweza. Halafu nikainua mkono juu. "Ni mkono wa kulia. Na vilevile ni haki."

"Ndilo!" mwamuzi akapiga meza.

Mwalimu wa Lamadi alikuwa bado amesimama. "Lakini huyu mtoto amelitamka vibaya! Amesema lait!"

Mwamuzi akamgeukia polepole. "Na mimi nilisemaje?"

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Wazee walipiga mabenchi, akina mama walipiga vigelegele, na hata wale watoto wa soksi walicheka, kwa kuwa lilikuwa jambo la kuchekesha kwelikweli. Mwalimu Mbaruku alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, anacheka kile kicheko chake cha kujifuta macho, na safari hii hakikuniuma popote. Mcheza kwao hutunzwa. Katikati ya kelele zile nikasikia sauti moja ikipanda kutoka nyuma kabisa, ikipita juu ya vichwa vya walimu na wageni waheshimiwa:

"Lehema! Lehema, ng'wanone!"

Nakumbuka vizuri kwamba kila mtu alisikia. Nakumbuka pia kwamba sikutazama nani anacheka. Nilipaza sauti, mbele ya shule mbili, nikaitika, "Bee, mama!" nikakimbia kwenda kule kwenye harufu ya samaki.

Nimesoma sana baada ya hapo. R nikaipata ukubwani, kwa mazoezi, na sasa naitumia kazini bila kufikiri; kwenye kitambulisho ni Rehema, ofisini ni Madam Rehema, na mume wangu, mtu wa Dodoma, hajawahi kukosea. Wote wananitamka sawasawa. Tangu tumzike mama sijaitwa lile jina jingine. Kabula huniita dada tu. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo mpaka nilipokuwa nimesimama pale bandani, rangi ikininukia, fundi ananitazama, ananisubiri nimalize kucheka.

"Kwa hiyo nifute?" aliuliza.

"Futa L, weka R," nilimwambia. "Fresh."

Alichovya kitambaa kwenye petroli, akaifuta ile herufi, akachora nyingine palepale. Ilikaa vizuri. Kabula aliikagua mkono kiunoni, akasema yeye haoni tofauti.

Fundi akapanda tena juu ya stuli, kwenye ile nafasi aliyoiacha. "Na hapa juu, jina la marehemu. Mdogo wako kanitajia Mama Lehema." Alinigeukia kwa adabu ya mtu aliyekwisha kusahihishwa mara moja. "Nayo si ni R, madam? Niweke R?"

Ndivyo Lamadi nzima ilivyomjua mama. Ndivyo mama alivyojijua. Nilijifanya natazama barabarani.

"Hapana," nilisema. "Hapo weka L."

"Una uhakika?"

"Weka L, fundi."

Akaiandika taratibu, herufi baada ya herufi, nyekundu kwenye nyeupe. Alipoteremka, sote watatu tulirudi nyuma mpaka ukingoni mwa lami kutazama. Kabula, ambaye hawezi kuona maandishi asiyasome kwa sauti, akayasoma ili wauza mahindi wa upande wa pili nao wasikie.

"Kwa Mama Lehema!" alisema. "Flesh fish!"

Sauti yake, sijui kwa nini sikuwahi kugundua, ni ya mama mtupu. Na mimi kabla sijajijua, pale kando ya barabara na magari yanapita, nikaitika.

"Bee!"